Haramia Hachomi Shehena

Riwaya ya kwanza ya vita vya anga za mbali, vya meli zisafirizo kati ya nyota, niliyoimaliza bila kuruka kurasa niliisoma kwenye benchi la kibanda cha chai, nje ya geti la bandari ya Mombasa, nikingoja kontena la mteja liachiliwe. Sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, ilikuwa na tarakimu moja tofauti na ile iliyoandikwa kwenye hati ya shehena. Tarakimu moja tu, na nikakaa hapo siku nne. Gharama za kuhifadhi mzigo huhesabiwa kwa siku, na saa ya bandari haiulizi nani kakosea.

Labda ndiyo sababu On Basilisk Station ya David Weber, iliyotoka mwaka 1993, ilininasa palepale ambapo wenzangu husema inachosha. Kamanda Honor Harrington anatupwa, yeye pamoja na manowari yake ndogo ya anga, kwenye kituo cha mbali ambako hakuna ofisa anayetaka kupangiwa. Kazi anayoikuta huko ni ya forodha. Anawatuma vijana wake wapande meli za mizigo, wafungue makasha, walinganishe kilichomo na kilichoandikwa. Magendo yanaanza kuibuka, matajiri wanachachamaa, na mmoja wao anafunga safari mwenyewe kuja kumtisha. Nilicheka peke yangu mpaka muuza chai akaniuliza kulikoni.

Vita vipo pia, tena vingi, mwishoni. Vimeandikwa vizuri. Lakini mimi hadithi ya namna hii huipima kwa shehena yake, na kwa kipimo hicho nyingi hufeli. Nimesoma kadhaa ambamo haramia anachomoka nyuma ya mwezi, anafyatua makombora, meli ya mizigo inapasuka vipande vipande, naye anaondoka akichekelea. Ameondoka na nini? Hata mwizi wa kuku hachomi banda kabla hajatoa kuku.

Sisi wa pwani hii tumewaona maharamia wakiwa kazini. Septemba 2008 meli ya Faina ilitekwa ikiwa njiani kuja Mombasa, na tumboni mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72. Novemba mwaka huohuo ikatekwa meli ya mafuta Sirius Star, ikiwa na mapipa yapatayo milioni mbili. Vifaru vile havikuteremshwa Somalia, vilikuja kuteremshwa hapahapa Mombasa mwaka 2009 baada ya kikombozi kulipwa. Vijana wale wangeyauzia wapi mafuta mapipa milioni mbili? Hawakuwa na haja nayo. Walikuwa na mabaharia, walikuwa na meli, na walijua kwamba huko mbali kuna mtu anahesabu siku: mwenye meli, mwenye mzigo, mwenye bima. Walichouza ni kungoja. Mwandishi wa anga akilielewa hilo, haramia wake atakuwa na dalali, atakuwa na mkalimani wa simu, atakuwa na mtu wa kumletea mchele na mirungi kwa mkopo. Mtu wa hivyo anatisha kuliko yule wa kucheka kwa sauti.

Hesabu ya siku yenyewe huko angani ina mtego wake. Mwaka 1978 Paul Krugman, akiwa bado mwalimu kijana wa uchumi Chuo Kikuu cha Yale, aliandika makala ya kujifurahisha kuhusu biashara kati ya nyota na nyota. Chombo kikienda karibu na kasi ya mwanga, saa ya ndani hupungua mwendo. Tuseme nahodha amezeeka miaka mitatu, huku bandarini imepita thelathini. Je, riba ya mtaji uliofungwa kwenye shehena ni ya miaka mingapi? Ya thelathini, anasema, kwa sababu pesa ileile ingebaki nyumbani ingezaa kwa saa ya nyumbani. Makala hiyo ilikuja kuchapishwa rasmi mwaka 2010, mwenyewe akiwa ameshapata Nobeli. Wakala yeyote wa forodha angempa jibu hilo bila hesabu.

Kwa riba ya miaka thelathini hakuna nguo wala chuma kitakacholipa nauli yake, kwa hiyo waandishi hubuni njia za mkato. Weber ana milango angani ya kuingilia hapa na kutokea kule, na ana mikondo ambayo meli hutandazia matanga. Naam, matanga! Wengine huona ni kichekesho. Msomaji aliyezaliwa Lamu hahitaji kuelezwa: kuna kusi, kuna kaskazi, na kila anayetaka kufika hupita palepale, kwa msimu uleule. Anga tupu ni kubwa mno, vyombo viwili havikutani kwa bahati. Haramia huishi penye mlango. Bab el-Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, ina upana wa kilomita kama 30 hivi, na meli za kutoka Ulaya kwenda Bara Hindi zikitaka kukwepa mlango huo, zizunguke Afrika nzima.

Hapo sasa ndipo ninapogombana na Weber, pamoja na mapenzi yangu yote. Dola la shujaa wake, Manticore, limetajirika kwa ushuru wa mlango wake, na kitabu hakioni ajabu: mwenye mlango ni mwema, anayepita bila karatasi ni mhalifu. Bahari yetu ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliielekezea Kilwa mizinga mpaka sultani akatoa dhahabu. Miaka iyo hiyo Wareno wakaanza kudai kila jahazi libebe kibali chao, waliokiita cartaz. Chombo kikikutwa bila kibali, kilitekwa na mali iliyomo. Nahodha aliyefuata njia ya babu yake, kwa upepo uleule, akaamka siku moja ameshakuwa mhalifu. Tulifundishwa kwamba haramu huiweka Mungu, nalo neno haramia limetoka hapohapo. Mwaka ule iliwekwa na mwenye mizinga.

Ninayoitaka mimi ni riwaya ya nahodha huyo. Chombo kidogo cha anga, deni la tajiri, mabaharia saba, foleni kwenye mlango wa dola la watu, na karatasi yenye tarakimu moja iliyokosewa. Nyuma yake manowari, mbele yake manowari. Azunguke, au angoje?

Kontena langu, kwa wanaouliza, lilitoka siku ya tano jioni. Nilikuwa nimebakiza kurasa kumi, nikakaa nikazimaliza kwanza.