Alec Guinness alianzia miguuni

Wanaomsifu Alec Guinness, mwigizaji wa Uingereza, humwita mtu wa sura mia. Naona sifa hiyo inampunja. Ukizitazama filamu zake kwa utulivu, utaona kazi yake bora haikutoka kwenye sanduku la vipodozi, na kila alipoegemea pua ya bandia au rangi ya kupaka ngozi, ndipo alipoteleza.

Sifa yenyewe ilitokana na filamu ya Kind Hearts and Coronets ya 1949, ambamo aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, mwanamke mmoja akiwemo. Kuna picha kanisani inayowaonyesha sita kati yao wamekaa pamoja. Kompyuta hazikuwapo. Mpigapicha Douglas Slocombe aliifunga kamera isitikisike, akaweka mbele ya lenzi kioo chenye vidirisha vyeusi, akawa anafungua kimoja tu kwa kila mhusika. Guinness akimaliza nafasi moja, mkanda unarudishwa nyuma mpaka fremu ileile ya mwanzo, yeye anakwenda kubadili nguo na wigi, halafu kinafunguliwa kidirisha kingine. Kamera ingesogea hata kidogo tu, mpaka kati ya mtu na mtu ungeonekana na kazi yote ingekuwa bure. Ndiyo maana Slocombe alilala studio akiilinda.

Lakini huo ni ufundi wa mpigapicha. Wa Guinness uko mwilini: mchungaji mzee anaburuza maneno, na admirali anazama na meli yake akipiga saluti, maji yanampita kichwa mkono haujashuka. Wafunike nyuso na bado utawatofautisha.

Aliamini mhusika huanza na mwendo. Ushahidi mkubwa ni The Bridge on the River Kwai ya 1957, iliyompa Oscar ya mwigizaji bora. Kanali Nicholson, Mwingereza aliyetekwa na Wajapani, anatolewa kwenye kibanda cha bati alimofungiwa juani, avuke uwanja mbele ya askari wake. Guinness aliazima hatua hizo kwa mwanawe, Matthew, aliyewahi kupooza kwa polio akiwa na miaka 11 na kujifunza upya kutembea. Angalia sehemu mbili kwa pamoja: miguu inayumba, haina uhakika wa ardhi, mabega yanakataa katakata kushuka. Kiburi cha kanali, kitakachomponza baadaye, kimeshasimuliwa bila neno hata moja.

Sasa linganisha na Fagin, mzee Myahudi anayefunza watoto wizi katika Oliver Twist, 1948. Pua ile kubwa ilitengenezwa kwa kufuata michoro ya karne ya 19 ya Cruikshank, aliyekichorea kitabu chenyewe cha Dickens, na wapo wanaomtetea kwa hoja hiyo. Mimi siikubali. Mchoro wa chuki ukihamishiwa kwenye uso wa mtu unabaki kuwa wa chuki, na Wayahudi wa Berlin waliandamana dhidi ya filamu hiyo mwaka 1949, miaka minne tu baada ya kambi za mauaji za Wanazi kukombolewa. Marekani haikuonyeshwa hadi 1951, tena ikiwa imekatwa. Kosa la aina hiyo lilirudiwa 1984 alipofanywa Profesa Godbole, Mhindi, katika A Passage to India, wakati India ilikuwa imejaa waigizaji hodari.

Jukwaani nako alikuwa na mipaka. Hamlet yake ya 1951 huko London, tamthilia ya Shakespeare, ilianguka, na taa zilizokosewa usiku wa kwanza si sababu pekee. Kipaji chake kilikuwa cha kuficha, na Hamlet hudai mtu anayejimwaga.

Filamu ya Star Wars ilimpa fedha nyingi, kwa kuwa alikubaliana apate asilimia 2.25 ya mgawo wa mwongozaji. Urithi wake mimi nautafuta kwa George Smiley, jasusi wa tamthilia mbili za BBC, 1979 na 1982. Alijiandaa kwa kula chakula cha mchana na Maurice Oldfield, mkuu mstaafu wa MI6, shirika la ujasusi la Uingereza, akimchunguza. Kwenye skrini hana cha kujifichia ila miwani. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusikiliza wengine wakisema, na huwezi kumwondolea macho. Mwishoni adui yake wa miaka mingi anavuka daraja Berlin kujisalimisha, anadondosha kiberiti cha gesi alichomchukulia Smiley zamani. Smiley anakitazama pale chini. Haokoti.