Django na Flask: Nani Aamue, na Lini?

Django na Flask, viunzi viwili vya kuandikia programu za wavuti kwa lugha ya Python, hutajwa pamoja kana kwamba vinatofautiana kwa ukubwa tu. Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ilizaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kwa kuwa gazeti halisubiri, huja na mambo mengi yakiwa yameshaamuliwa: namna ya kuzungumza na hifadhidata, fomu, nywila, hata kurasa za msimamizi. Flask, aliyoitoa Armin Ronacher mwaka 2010 baada ya mzaha wa Aprili mosi, hukupa njia ya kupokea ombi na violezo vya kurudishia jibu, mengine ujitafutie.

Mfanyabiashara mmoja wa viungo hapa Mombasa, pale Marikiti, alitaka daftari la mali. Nililieleza jedwali la bidhaa katika Django, nikalisajili, na kurasa za kuongeza na kurekebisha zikajitokeza zenyewe. Jioni ile ile karani wake alikuwa akiingiza kilo za iliki na mdalasini. Wapenzi wa Flask watasema, na si uongo, kwamba kilichojitokeza chenyewe hukielewi mpaka siku kiharibike.

Tena ziko kazi ambazo Django huzilemea. Duka hilo lilipohitaji kupokea taarifa za malipo ya M-Pesa, yaani anwani moja tu ya kupokea, kukagua na kuhifadhi, nilitumia Flask, na faili moja ikatosha. Hapo singebadilisha neno.

Tatizo ni kwamba faili ile haikubaki ndogo. Mwenye duka aliomba ripoti, kisha watu wa kuingia kwa nywila, kisha fomu ya kurekebisha malipo, nami nikawa naongeza programu-jalizi moja baada ya nyingine. Fomu hiyo niliiacha bila kinga dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine. Katika mradi mpya wa Django kinga hiyo huwa imewashwa tayari, na fomu isiyo na tokeni, yaani alama ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yako mwenyewe, hukataliwa kwa jibu la 403, maana yake "hairuhusiwi". Katika Flask ni lazima uikumbuke mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, ila ni kosa ambalo Django isingeniruhusu nilifanye kimyakimya, na kwa sababu hiyo mfumo wowote ambao watu wataingia kwa majina yao sasa nauanzia huko.

Kijana aliyeipokea kazi ile aliniuliza, kwa adabu, kwa nini nywila zilishughulikiwa kwa njia mbili tofauti katika faili moja. Sikuwa na jibu isipokuwa kwamba kila siku niliamua upya.