Jicho lile kwenye picha ya Desemba

Sisi wa Moshi tunajulikana: Desemba ikifika, popote ulipo, unarudi nyumbani kuhesabiwa. Mwaka ule nilitoka Leeds, na jioni ya Krismasi tukapiga picha ya ukoo mgombani kwa bibi, Kibosho. Giza lilishaingia, simu ikawasha mwanga. Watoto wote wakatoka na macho mekundu, kawaida ya picha za usiku. Mtoto wa binamu yangu, mwaka na nusu, jicho moja lilitoka jekundu, la pili jeupe, linang'aa kama la paka.

Tulicheka. Tena tukamwita Paka siku mbili nzima.

Usiku wa tatu usingizi ulinikatika. Nilikumbuka mwanangu alipozaliwa kule Uingereza. Mtoto mchanga humulikwa macho kwa kitochi maalumu ndani ya saa 72, halafu tena akiwa na wiki 6 hadi 8. Nilimuuliza mkunga anatafuta nini. Akasema anatafuta wekundu. Akiona weupe, mtoto anapelekwa kwa mtaalamu haraka. Asubuhi nikamuuliza binamu. Kumbe weupe ule aliuona tangu miezi mitano nyuma, akaenda zahanati, akapewa dawa ya matone.

Ilikuwa retinoblastoma, saratani ya jicho. Pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, jicho lilitolewa, akapewa na dawa za saratani. Yuko chekechea sasa, na msumbufu kweli.

Nikisimulia haya, watu hunijibu, "Huko kwenu wana mashine." Sawa. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, na nchi nyingi maskini hazifikishi asilimia 30. Dawa na pesa vinachangia sana, sibishi. Lakini mashine haimtibu mtoto aliyeko Kibosho anadondoshewa matone. KCMC ilikuwepo miezi yote ile mitano, mwendo wa daladala tu.

Na si macho peke yake. Tumbo la mtoto likivimba tunasema bandama, anachanjwa chale, wakati huenda ni saratani ya figo. Taya likivimba tunamtafuta mng'oa meno. (Mnaochimba fizi za vichanga mkisema wana "meno ya plastiki" mnanielewa.) Homa isiyoisha, mtoto anapauka, anavilia damu bila kuanguka: malaria, malaria, malaria. Halafu mama anaulizwa alikosea nini, kana kwamba saratani hizi huja kwa chakula alichopika au kwa jirani mwenye jicho baya. Nyingi hazina chanzo ambacho mzazi angekizuia, wala haziambukizi.

Sisemi Ulaya ni peponi. Leeds jirani yangu hata jina simjui; Moshi, wiki ile ya hospitali, watu walichanga, na mtori uliletwa kwa zamu. Moyo tunao. Ninachokionea wivu kule ni kile kitochi tu.

Kila Septemba, mwezi wa saratani ya watoto, naona fulana na utepe wa dhahabu. Vizuri. Ila mama wa Kibosho haendi kwenye matembezi ya mjini. Anaenda kliniki. Pale mtoto ananing'inia kwenye mzani kwa ile kaptula ya kitambaa, analia, kadi inaandikwa kilo, anachomwa chanjo, basi. Akina mama wamekaa kwenye benchi saa mbili, tatu. Hapo ndipo pa kusema: jicho jeupe, tumbo gumu, taya, usisubiri. Nesi amulike macho kabla mtoto hajashushwa kwenye mzani. Hiyo kazi inakula dakika ngapi?

Mama mdogo hajasubiri mtu. Siku hizi kila kichanga cha ukoo anakipiga picha gizani, mwanga umewashwa, anaivuta picha mpaka macho yajae kioo, kisha ananitumia huku Leeds saa tisa za usiku: "Mwanangu, hebu angalia na huyu."