Vumbi la Changamwe likipulizwa kwenye zumari

Shangazi yangu wa Changamwe, Mombasa, hupangusa meza asubuhi, na ikifika adhuhuri ukipitisha kidole juu yake kinaacha mstari. Vumbi hilo analiona. Asizoziona ni zile chembe ndogo ziitwazo PM2.5, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wake kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mtajie shangazi namba hiyo, atakuitikia "Haya, mwanangu," kisha arudie kitambaa chake.

Hapo ndipo wasanii wa sauti wanapoingia. Huchukua vipimo vya kila dakika wakavipa mlio: chembe zikizidi, mlio unapanda, zikipungua, unatulia. Spika hupangwa kuzunguka chumba, msikilizaji akajikuta yumo ndani ya hewa ile. Jambo lenyewe si geni. Kifaa cha Geiger cha kupimia mnururisho hulia tik-tik, na aliyekishika hurudi nyuma kabla hajasoma chochote.

Naiunga mkono sanaa hii hasa kwa sababu ya muda. Grafu utaitupia jicho ukaondoka, ila sauti hukukalisha chini. Fikiria siku nzima ya barabara ya Magongo imebanwa ikawa dakika 10: alfajiri zumari inalia chini kwa chini, malori ya bandarini yanaanza foleni, zumari inapanda, haishuki, bado haishuki, mpaka unatamani mtu aizime. Shangazi hana pa kuizimia. Ukiusikiliza mwaka mzima, huenda ukasikia kusi ikiondoka na kaskazi ikiingia, vumbi likihamia mtaa wa jirani.

Wanaopinga nao wana neno, tena zito. Achaguaye mlio ndiye achaguaye maana: vipimo vilevile ukivitia kwenye udi vitaburudisha, ukivitia kwenye king'ora vitatisha. Nami naogopa zaidi ule uzuri. Watu watakaa ukumbini Mji wa Kale, wataguswa, watapiga makofi, waende zao.

Tena haki haikupatikana kwa mlio. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa mwingine wa Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikwenda mahakamani na vipimo vya maabara. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Risasi haina harufu wala kelele. Bila karatasi za maabara, nani angewasikiliza?

Kwa hiyo siioni sauti kuwa badala ya namba. Naiona kama mpiga mbiu wake, anayemwita mtu aje aisome. Lakini mbiu hiyo ipigwe mlangoni pa wenyewe. Ingekuwa juu yangu, spika ningezifunga stendi ya Changamwe, na kando ya kila moja ubao wenye kipimo, saa na tarehe, pamoja na maelezo ya mlio upi ni kiasi gani. Shangazi ningemwekea kiti mbele, aniambie kama anachokisikia kinafanana na meza yake.