Stelingi Anamfuata Binti Mpaka Akubali, na Sisi Tunapiga Makofi

Mombasa ukitaka ugomvi wa bure mseme vibaya Shah Rukh Khan mbele ya kina mama. Siasa watakusamehe, mpira watakusamehe, lakini huyo bwana mwache. Ndio maana hii hoja ya kina dada wanaojiita mafeministi, kwamba picha za Kihindi zinafundisha wanaume kusumbua wanawake, inawachoma watu hivi. Inagusa ujana wao, harusi zao, nyimbo walizobembelezea watoto.

Hoja yenyewe iko hivi. Stelingi anamuona binti mara moja tu ashapenda, anamfuata chuoni, anamfuata sokoni, anamzibia njia na wenzake ishirini wanacheza nyuma yake wamevaa mashati ya rangi moja, binti anafoka, anasukuma, anatukana, wimbo ukifika ubeti wa tatu tayari anacheka. Kijana aliyekaa mbele ya tivi anaondoka na somo kwamba hapana ya mwanamke ni mlango uliorudishwa tu, haukutiwa kufuli, ni kusukuma. Mashabiki nao wanajibu, ah jamani, picha ni picha, mbona tumeangalia vita miaka yote na hatujashika hata manati?

Mie ni shabiki na sina mpango wa kuacha. Lakini nimewasikiza hawa kina dada kwa makini na naona wana haki kubwa kuliko tunavyotaka kukubali, ingawa kuna pahali wanatuonea.

Kwanza mtu wa nje aelewe haya mapenzi si ya jana. Enzi za majumba ya sinema ya Regal na Naaz watu walikuwa wanavaa wakapendeza kama wanaenda harusini kumbe wanaenda kuangalia picha. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki 2014, nyimbo zake chungu nzima alizitia mahadhi ya Kihindi, maneno ni Kimvita kitupu lakini sauti imetoka Bombay, na mpaka leo zinapigwa. Zilipokuja kanda za vidio, mambo yakahamia majumbani. Kuna mtafiti anaitwa Minou Fuglesang alikaa Lamu akawaandikia kitabu kizima wasichana wa pale, Veils and Videos, kilitoka 1994, na humo unawaona wamekusanyika chumbani wanaangalia picha za Kihindi na kuzijadili, nguo, mapenzi, nani mjinga nani mwerevu. Kwa hiyo hao wanaoitwa mashabiki vichwa maji walikuwa wanachambua picha kabla sijazaliwa mimi na kabla hilo neno feministi halijafika Kibokoni.

Sasa tuje kwa ushahidi, maana upo na ni mzito. Chukua Darr ya 1993. Shah Rukh ni jamaa anayempigia binti simu usiku na mchana, anamfuata kila aendako, anajichora jina lake kifuani kwa kisu. Stelingi wa ile picha ni Sunny Deol, lakini hebu muulize mtu yeyote hapa anamkumbuka nani. Wimbo wake maarufu unasema wazi kwamba binti akubali asikubali ni wake tu, na sisi tumeuimba kwenye harusi tukiwa na sahani ya pilau mkononi. Halafu nenda 2019, Kabir Singh. Hapa huyo mwendawazimu si adui tena, ndiye stelingi mwenyewe. Anamchagua msichana wa mwaka wa kwanza, anawatangazia wanafunzi wengine wote kwamba huyu ni wake, anambusu bila hata kumuuliza jina. Ikawa moja ya picha zilizovuna pesa nyingi zaidi India mwaka ule. Mwongozaji alipohojiwa kuhusu kofi lililomo ndani, akasema wapenzi kama hawawezi kupigana kofi yeye haoni hisia pale. Bwana huyohuyo akarudi na Animal mwisho wa 2023, humo kuna pahali mwanamke anaambiwa alambe kiatu kuthibitisha mapenzi, mpaka Javed Akhtar, mzee aliyeandika nyimbo na hadithi za nusu ya picha tunazozipenda, akasema hadharani kwamba picha ya namna hiyo ikipokewa hivyo basi kuna hatari. Na Javed Akhtar si msichana wa chuo aliyesoma kitabu kimoja cha haki za wanawake, jamani, ni mtu wa ndani ya nyumba.

India kwenyewe sheria ishabadilika. Baada ya yule msichana aliyebakwa kwenye basi Delhi Desemba 2012, bunge lao lilirekebisha sheria ya jinai 2013 na kumfuatafuata mwanamke asiyetaka kukawa kosa lenye kifungu chake, 354D. Ukikisoma ni kama mtu kaandika muhtasari wa nusu ya kwanza ya picha yoyote ya miaka ya tisini.

Kuna kesi moja huwa naifikiria sana. Mwaka 2015 kule Tasmania, Australia, mlinzi mmoja mwenye asili ya India alipelekwa kortini kwa kuwasumbua wanawake wawili, meseji, simu, kuwafuata njiani. Wakili wake akasema kijana amekulia kwenye picha za Kihindi ambako mwanamume aking'ang'ana mwisho hukubaliwa. Akaponea jela. Mashabiki wanaponiambia mafeministi wanazitwika picha mzigo usio wao, nawakumbusha kwamba pale kortini aliyesema picha zinafundisha ni wakili wa mwanamume. Lakini pia, na hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na kina dada, angalia hiyo hoja ilimsaidia nani. Ukisema sana kwamba kijana kaharibiwa na sinema, ushampa kichaka cha kujificha. Mtu mzima anajua anapokataliwa. Hahitaji mwongozaji wa Mumbai kumuelezea.

Pita Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni ujionee. Makanga amemshika binti kifundo cha mkono anamvutia garini, "twende mrembo, siti ya mbele nimekuwekea wewe," binti anauvuta mkono wake, anaambiwa "kwani wajiona nani, hata si mzuri hivyo." Dakika haijaisha kashatoka umalkia akawa takataka. Pembeni kuna mzee anauza njugu, hata kichwa hainui. Abiria wanaangalia simu. Sasa huyo makanga ukimuuliza Shahid Kapoor, yule stelingi wa Kabir Singh, ni nani atakwambia hamjui, na yule mzee wa njugu hajaingia sinema tangu Regal. Wale waliomvua nguo mwanamke stejini Nairobi 2014, mpaka wanawake wakaandamana tarehe 17 Novemba na bunge likaweka kifungu cha miaka isiyopungua kumi kwa kosa hilo, hakuna picha iliyowatuma. Tabia ni kongwe kuliko projekta.

Na sheria yetu hapa ina tundu kubwa ambalo wachambuzi wa picha hawaliongelei kabisa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kifungu cha 23 kinazungumzia usumbufu wa kimapenzi, lakini mpaka msumbufu awe na mamlaka juu yako au awe na cheo cha umma. Bosi sawa. Afisa sawa. Kijana wa maskani anayekufuata kutoka Marikiti mpaka mlangoni kwenu hana cheo wala mamlaka, ana muda tu. Mie ningependa nusu ya hasira inayomwagwa kwa Kabir Singh ipelekwe kwenye hicho kifungu.

Tena kuna dharau imo kwenye huu uchambuzi na inaniudhi. Ile ya kudhani mwanamke anayelilia picha ya mapenzi hana akili, hajui anachoangalia. Mwanamume akimlilia timu yake ya Uingereza mpaka akakosa kazini Jumatatu, huyo anaitwa shabiki damu. Mwanamke akimlilia Shah Rukh, ah, hana kazi ya kufanya. Mwanauchumi mmoja wa India, Shrayana Bhattacharya, alitoa kitabu 2021, Desperately Seeking Shah Rukh, amewafuatilia wanawake mashabiki kwa miaka, wengine wa kipato cha chini kabisa, na kinachoonekana mle ni kwamba wanampenda kwa vitu vidogo, anasikiliza, anakaa jikoni na wanawake, analia bila haya. Kumpenda kwao ni njia ya kusema mume waliyenaye hafanyi hivyo. Na tena wengi kwenda kumuona kulitegemea kuwa na pesa yako mwenyewe na ruhusa ya kutoka nyumbani, kwa hiyo tiketi tu ilikuwa ni vita.

Shangazi yangu ndivyo alivyo. Tukiangalia DDLJ, yaani Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya 1995, pale mwisho stesheni baba amemshika binti yake Simran mkono treni inaondoka, kisha anamwachia akimbie, kila mtu sebuleni analia, shangazi anasonya. "Mpaka babake amwachie! Na kama angekuwa na hasira siku hiyo?" Huyo mama hajawahi kusoma nadharia yoyote, yuko pale anakatakata mchicha, na kasema kwa sentensi mbili jambo ambalo wasomi wanalitafutia kurasa. Halafu anarudisha nyuma aangalie tena. Anaipenda na anaiona kasoro yake kwa wakati mmoja, wala hicho kitu hakimsumbui hata kidogo.

Kwa hiyo picha siiogopi sana. Ninachokiogopa ni ushabiki unapogeuka ulinzi. Desemba 2017 kwenye tamasha la filamu Kerala, kusini mwa India, muigizaji Parvathy alisema picha moja ya Kimalayalam, lugha ya huko, ya 2016, Kasaba, inadhalilisha wanawake na inasikitisha kwamba gwiji kama Mammootty aliigiza mle. Basi. Hakusema ipigwe marufuku, hakusema watu wasimpende Mammootty. Yaliyomkuta ni matusi ya usiku kucha, vitisho vya kubakwa, vitisho vya kuuawa, mpaka polisi wakaingia kukamata. Mwaka mmoja kabla yake mwimbaji Sona Mohapatra alimkosoa stelingi Salman Khan aliyesema kurekodi mapigano ya picha yake kulimwacha anajiona kama mwanamke aliyebakwa, naye akaoga matusi ya aina hiyohiyo. Unaona kitu? Mwanamke anasema hii picha inafundisha watu kutusumbua, mashabiki wanakuja kumuonyesha haifundishi, kwa kumsumbua.

Na gharama yake si hisia tu. Parvathy ni mmoja wa wanawake wa ile sinema ya Kerala walioungana 2017 baada ya mwenzao kutekwa ndani ya gari na kushambuliwa kingono. Walidai uchunguzi, serikali ikaunda kamati ya Jaji Hema, ripoti ikafungiwa kabatini miaka, ilipotolewa Agosti 2024 ikasema usumbufu wa kingono umejaa kwenye ile tasnia. Yaani miaka yote ile mashabiki wanamfokea mtu anyamaze, alikuwa anayajua yaliyomo ndani ambayo wao hawakuyaona kutoka kwenye viti vya sinema.

Hapa kwetu hilo jeshi la ulinzi tunalo, tena si la Wahindi peke yao. Msanii wa nyumbani akitajwa kampiga mpenzi wake, mashabiki wanakimbilia kuuliza huyo mwanamke alifanya nini, alikuwa anataka umaarufu, mbona hakusema mapema. Na mara nyingi, uchungu wangu uko hapa, wanaouliza ni wanawake. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina kifungu cha kumbana anayemsumbua mwenzake mtandaoni, lakini utamshtaki nani, watu mia tatu wenye picha ya msanii kwenye profaili?

Kina dada wangu, nanyi kuna kitu kimoja mngekifanya zaidi, kupigia debe picha nzuri kwa nguvu ileile mnayozipiga mbaya. Thappad ya 2020, mke anapigwa kofi moja mbele ya wageni, anaomba talaka, na picha nzima inaeleza kwa nini kofi moja latosha. Laapataa Ladies ya Kiran Rao, maharusi wawili wamefunikwa nyuso wanabadilishwa kimakosa ndani ya treni, inachekesha mpaka mbavu ziume, na mwaka 2024 India waliichagua ikawanie Oscar. Mashabiki wangezipenda hizi. Shangazi angezipenda. Lakini mtaani kwetu si kila nyumba ina Netflix, wengi bado wanapeleka flashi duka la muvi kuwekewa. Nikamuuliza kijana wa duka moja Majengo mbona Animal anayo na Thappad hana, akanijibu vizuri tu, anaweka wanachoitisha wateja, na wateja wake ni wavulana. Na kina dada je? Hawaji, akasema, wanatuma kaka zao. Mlangoni pale kulikuwa na vijana sita wamekaa juu ya kreti za soda, na kila msichana aliyekatiza ile barabara aliitwa.