Msiilaumu Krismasi

Kila Desemba ikikaribia, redio zetu hugeuka mimbari. Mtaalamu wa fedha huitwa studio, hukohoa kidogo, kisha huanza: kumbukeni Januari, karo inawangoja, mbuzi wa nini, nguo mpya za nini, kuku mmoja anatosha. Miaka mingi nilikuwa naitikia. Siku hizi nazima redio.

Sina ugomvi na kuweka akiba. Ugomvi wangu ni kwamba huyo bwana anakemea gharama ambayo tarehe yake naijua tangu utotoni. Krismasi ni 25 Desemba. Haijawahi kunitumia ujumbe kwamba mwaka huu itakuja mara mbili.

Kwetu ni Taita, juu milimani, na sikukuu ina sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Mwenye kazi Nairobi harudi mikono mitupu. Anabeba unga, sukari, mafuta ya kupikia, majani ya chai, leso ya mama, na kitu kidogo cha shangazi atakayemvizia nje ya kanisa na kumuuliza, "Krismasi yangu iko wapi?" Watoto hununuliwa nguo zinazowazidi kidogo, wazikulie. Usiku wa tarehe 24 ni kesha: watoto wa shule ya Jumapili wanakariri mistari, na lazima mmoja asahau wake alie mbele ya kanisa zima. Asubuhi mbuzi anachinjwa. Chapati zinasukumwa tangu alfajiri, na kimanga, kile chakula chetu cha Kitaita, hakikosi, maana mama hakubali mgeni aondoke Taita akiwa amekula chapati tu. Kuna sadaka ya shukrani. Kuna nauli, ambayo wiki hiyo hupanda utadhani barabara ya Mombasa imerefushwa.

Kwa sisi watu wanne yote hayo hufika kama shilingi 60,000. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini chama chetu cha akiba hukusanya 5,000 kwa kila mtu kila mwezi, na mwanzoni mwa Desemba kila mtu huchukua chake. Krismasi haijanilaza macho hata usiku mmoja, ukiacha ule wa kesha.

Kinachonilaza macho ni nyumba.

Tuliinunua mwaka 2021 kwa mkopo wa miaka 20, riba asilimia 12. Wakati huo kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya, ambacho mabenki hukitazama yakipanga riba zao, kilikuwa asilimia 7, kimetulia hapo tangu Aprili 2020, nasi tukadhani utulivu ndio tabia yake. Barua ya ofa ilikuwa na kurasa nyingi. Mahali fulani katikati, kifungu kimoja kilisema benki inaweza kubadilisha riba wakati wowote kwa hiari yake, mradi imjulishe mteja. Nilitia sahihi kila ukurasa, na huo pia. Nilikuwa nawaza rangi ya pazia.

Laiti ningekumbuka 2011. Septemba ya mwaka ule kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 vilevile. Oktoba kikawa 11, Novemba 16.5, na tarehe 1 Desemba kikafika 18. Bei za vitu zilikuwa zimepaa, shilingi imeporomoka, Benki Kuu ikakaza kamba. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na mkopo wa nyumba. Krismasi ile aliomba zamu zote, hata za wengine. Tulimsifu kwa kupenda kazi.

Zamu yetu ilikuja kwa ngazi. Kiwango cha Benki Kuu kikawa asilimia 7.5 Mei 2022, kisha juu kidogo, juu kidogo tena, hadi 10.5 Juni 2023. Halafu tarehe 5 Desemba 2023, chama kimeshagawana na nauli zimeshalipwa, kikapanda pointi mbili kwa mpigo: 12.5. Februari 2024 kikawa 13. Ujumbe wa benki yetu uliingia kwenye simu mke wangu akiwa dukani anamjaribisha mtoto viatu. Alivinunua. Alinionyesha ujumbe tulipofika nyumbani.

Sasa nipeni dakika mbili za hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganywa kwa upole. Chukua mkopo wa milioni 6 wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 12, marejesho ni kama 66,065 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza, 60,000 ni riba tupu; deni lenyewe linapungua kwa 6,065. Riba ikipanda, afisa wa mikopo atakwambia usijali, marejesho yatabaki yaleyale, tutaongeza tu muda. Riba ikifika asilimia 13.2, riba ya mwezi ni 66,000. Unachopunguza kwenye deni ni shilingi 65, bei ya mkate. Ikipita hapo, muda haupo tena wa kuongeza: unalipa kila mwezi na deni linanenepa. Kwa hiyo marejesho lazima yapande, na kwa asilimia 17 yanafika kama 88,000. Tofauti ni karibu 22,000 kwa mwezi, zaidi ya 260,000 kwa mwaka.

Hizo ni Krismasi nne, na mbuzi wanne. Na hakuna shangazi hata mmoja aliyepata leso.

Mtu ataniambia riba huyumba kila mahali duniani. Ndiyo, lakini huko Marekani, ambako mikopo ya namna hii ilichangia kuwatoa watu majumbani mwao kuanzia 2007, sheria hudai mkataba wa riba inayobadilika utaje kikomo ambacho riba haitakivuka maisha yote ya mkopo. Mkataba wangu hautaji kikomo chochote. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba benki inahitaji idhini ya Waziri wa Fedha, chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kabla ya kupandisha riba. Niliusoma uamuzi ule kama mtu anayepokea barua ya mapenzi wakati harusi imeshapita.

Ukiwa bado hujatia sahihi, uliza mikopo inayopitia KMRC, kampuni inayozipa benki na vyama vya akiba fedha za kukopesha wanunuzi wa nyumba, ambayo riba yake haibadiliki na ilikusudiwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Ukiambiwa hufai, basi piga hesabu ya marejesho kwa riba iliyozidi kwa pointi tano, uishi hivyo miezi sita kabla ya kukopa. Sisi hatukufanya hivyo.

Jirani yangu ni Mwislamu. Benki yake ilinunua nyumba ikamuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, na bei hiyo aliijua siku ya kwanza. Alilipa ghali kuliko nilivyodhani mimi nitalipa, nami nilimcheka kimoyomoyo. Idd yake husogea, ikiwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, marejesho hayasogei. Krismasi yangu haisogei.

Mwaka ule wa 2023 tulikwenda Taita kama kawaida. Jioni ya sikukuu nilimweleza mama habari za riba, naye alisikiliza huku akichambua maharagwe ya kesho.

"Na ikishuka, mwanangu, wanakurudishia?"

Nikamwambia mkataba unasema itashuka pia. Kiwango cha Benki Kuu kilianza kushuka Agosti 2024. Chetu kilishuka mwaka uliofuata, baada ya barua yangu ya tatu, kwa nusu pointi.