Majibu hasi ya hadubini yasimrudishe mgonjwa nyumbani

Mgonjwa amekohoa wiki tatu, amekonda, na usiku anatoka jasho hadi shuka linalowana. Makohozi yake yanapimwa kifua kikuu (TB) kwa hadubini, karatasi inarudi imeandikwa "hasi", anapewa dawa ya kikohozi na kuruhusiwa kuondoka. Jambo hili linaniuma, maana anayeandika hilo neno "hasi" ni mimi, mpimaji wa maabara.

Ngoja nieleze ninachokifanya. Makohozi yanapakwa kwenye slaidi, yanakaushwa, yanamwagiwa rangi nyekundu ya fuksini, kisha napitisha moto chini yake mpaka mvuke uanze kupanda. Baada ya hapo naosha kwa asidi. Karibu kila kitu kinaachia rangi, lakini bakteria wa kifua kikuu na jamii yake wanaing'ang'ania, kwa kuwa ukuta wao una nta nzito. Namalizia na rangi ya bluu. Kwenye lenzi ya mafuta natafuta vijiti vyembamba vyekundu, vimepinda kidogo, kwenye ubluu mtupu. Inabidi nipitie maeneo yasiyopungua 100 ya slaidi kabla ya kusema sijaona kitu.

Shida ni kwamba ili nivione, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Mwenye 2,000 ni mgonjwa kweli, ila kwangu ana nafasi kubwa ya kupita bila kuonekana. Watoto na watu wengi wanaoishi na VVU huwa na bakteria wachache kwenye makohozi, na hao ndio TB inaowamaliza upesi. Rangi ya auramini pamoja na hadubini ya taa za LED inasaidia kuona zaidi na kuokoa muda, lakini pengo hilo haizibi.

Kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara kwenye chakula chao, kunawanasa hata wakiwa 10 hadi 100 tu kwa mililita, ndiyo maana vipimo vingine hupimwa ubora kwa kulinganishwa nacho. Tatizo ni muda. Bakteria huyu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja, wakati kuna wengine wanaomaliza kwa dakika 20. Kwenye chakula kigumu cha Löwenstein-Jensen unasubiri wiki 3 hadi 8. Mirija ya chakula cha maji ni ya haraka zaidi, ila hata hapo hutamki hasi kabla ya siku 42. Mtu anayekohoa damu hawezi kungojea hivyo.

Mwishoni mwa 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Xpert MTB/RIF, kipimo cha vinasaba. Makohozi yanachanganywa na dawa ya kuyayeyusha, yanaingia kwenye katriji, na ndani ya saa 2 unajua kama bakteria yupo na kama ana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kutibu TB. Kinatosheka na bakteria kama 130 kwa mililita, na toleo la Ultra linashuka hadi kama 16. Kwa maoni yangu hapa hakuna mjadala: mwenye dalili aanzie kwenye vinasaba. Hadubini isiwe mlango wa kuamua nani aendelee na nani arudi.

Hata hivyo sitaki hadubini itupwe. Vinasaba vya bakteria aliyekufa bado vinasomeka, kwa hiyo mgonjwa aliyekunywa dawa miezi miwili anaweza kuonekana chanya huku anapona. Maendeleo ya matibabu tunayafuatilia kwa hadubini na kwa kuotesha.

Halafu kuna kikopo chenyewe. Nikiletewa mate meupe yenye povu, mashine yoyote itahangaika. Nataka makohozi mazito kutoka kifuani, hasa ya asubuhi, mililita 3 au zaidi, na mtu wa kumwelekeza mgonjwa avute pumzi ndefu kabla ya kukohoa. Dakika tano za maelezo hayo mara nyingi hazipatikani.

Siku hizi nikiandika "hasi" kwenye majibu ya hadubini, chini yake naongeza mstari kwa mkono: dalili zikiendelea, leta sampuli nyingine ipimwe vinasaba.